Namna ya kuchagua diski tupu za kuchomea kazi unayotaka idumu

"Kaka, ninunue CD gani ambazo hazifi?"

Swali hili naulizwa karibu kila wiki. Wanaouliza ni vijana wanaoanza kupiga video za harusi, makatibu wa kwaya, walimu wa madrasa wenye maulidi waliyorekodi, na watu wa kawaida wenye picha za wazazi waliokwisha kutangulia. Wengi huuliza wakati kitu kimekwisha kupotea. Kwa hiyo naandika hapa utaratibu ninaoufuata mimi mwenyewe, hatua kwa hatua, ili uuanze kabla hujapoteza.

Nachoma diski Ngamiani, Tanga, mahali ambapo joto na unyevu wa bahari haviachi kitu salama. Bibi mmoja aliniletea DVD ya harusi ya binti yake. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, "Mwanangu, humu ndimo alimo marehemu mume wangu anazungumza. Sina pengine sauti yake." Diski ilikaa miaka ndani ya mfuko laini wa plastiki, na plastiki ilikuwa imeganda juu yake. Nilipoiinamisha chini ya taa ya mezani niliona ukingo wote umebadilika rangi, kama kitambaa kilichoanikwa juani muda mrefu. Tulipata ndoa, tukapata chakula, tukapata ngoma. Mzee alizungumza mwishoni, wakati wa kumkabidhi binti. Hapo hatukupata kitu.

Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio huharibika kwanza. Kwa hiyo mwisho wa shughuli ndio hufa kwanza. Hiyo ndiyo nadharia utakayoihitaji zaidi katika mwongozo huu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye draivu ya kuchomea, au draivu ya nje ya kuchomeka kwenye USB. Laptop yenye betri nzima ni bora, maana umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski hiyo umeitupa.
- Programu ya kuchomea inayoonyesha kitambulisho cha diski. Kwenye Windows natumia ImgBurn, ambayo ni ya bure. Toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, ni la mwaka 2013 na bado linafanya kazi. Unapoisakinisha soma kila kisanduku, usibonyeze tu "endelea", kwa sababu baadhi ya vifurushi vyake hubeba programu nyingine usizozitaka. Kwenye Linux, K3b inatosha.
- Diski tupu chache za majaribio, kutoka maduka mawili tofauti ukiweza.
- Maka ya wino wa maji, yenye ncha laini.
- Makasha magumu ya kuhifadhia, moja kwa kila diski.
- Daftari.

Hatua ya 1: Pima kazi yako, ndipo uchague aina

CD hubeba MB 700. DVD ya kawaida imeandikwa GB 4.7, lakini Windows itakuonyesha kama 4.37, kwa kuwa inahesabu kwa namna nyingine. Hujaibiwa. DVD ya tabaka mbili hubeba 8.5, Blu-ray 25 au 50, na zipo za 100.

Kwa sauti za kwaya au nyaraka za ofisi, CD na DVD zinatosha. Kwa video za kamera za siku hizi, DVD zitakuwa nyingi mno na utachoka. Tafuta draivu ya Blu-ray. Sipendekezi DVD za tabaka mbili kwa kuhifadhi. Zinakosea mara nyingi kuliko za tabaka moja, na bei yake haifai hasara hiyo. Afadhali diski mbili za kawaida.

Hatua ya 2: Nunua zenye herufi R, acha RW

CD-R, DVD-R, DVD+R na BD-R huandikwa mara moja tu. Zile zenye RW au RE hufutika na kuandikwa upya, na hicho ndicho kinachozifanya zisifae kuhifadhi kumbukumbu. Zitumie kujaribia.

Kati ya DVD-R na DVD+R usijitese. Kama mteja ana deki ya zamani, mpe DVD-R, kwa sababu deki nyingi za zamani huikubali kwa urahisi zaidi. Kama ni ya kuhifadhi kwenye kompyuta, yoyote iliyotengenezwa vizuri itafaa.

Hatua ya 3: Usinunue jina la kwenye kava

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na hapa ndipo nataka utulie.

Kampuni nyingi zenye majina makubwa kwenye makopo ya diski hazina kiwanda cha diski. Hununua kutoka viwanda vichache, kisha hubandika jina lao. Kopo ulilonunua mwaka jana na kopo ulilonunua leo, lenye picha ileile na rangi ileile, yanaweza kuwa yametoka viwanda viwili tofauti kabisa. Ndiyo maana rafiki yako anakwambia "hizi ni nzuri sana", unanunua, na zako zinakataa.

Taiyo Yuden ya Japani ndiyo iliyobuni CD ya kuchoma mwaka 1988, na kwa miaka mingi wachomaji waliiheshimu kuliko zote. Iliacha biashara hiyo mwishoni mwa 2015, na teknolojia yake ikaenda kwa CMC Magnetics ya Taiwan. Verbatim, iliyokuwa mali ya Mitsubishi na kusifika kwa tabaka lake la rangi liitwalo AZO, nayo ilinunuliwa na CMC hiyohiyo mwaka 2019. Panasonic iliacha kutengeneza Blu-ray za kuchoma Februari 2023, na Sony ikafuata Februari 2025. Kwa hiyo muuzaji akikwambia ana "Taiyo Yuden mpya kutoka Japani", ama amekaa nazo stoo miaka mingi, ama si zenyewe. Na diski tupu nayo huzeeka, hata kabla ya kuandikwa.

Ukifika dukani, Kariakoo au kwenu mtaani, fanya hivi:

- Uliza kopo limekaa dukani muda gani. Lililofifia kava kwa jua la dirishani liache hapohapo, kwa kuwa mwanga unaofifisha kava hufifisha pia rangi inayobeba data.
- Tafuta neno AZO kwenye DVD na CD za Verbatim. Kampuni hiyo ina daraja la chini pia, lisilo na neno hilo.
- Kwenye BD-R, angalia kama pameandikwa LTH. Hizo hutumia rangi ya kikaboni kama za DVD, ile inayofifia kwa mwanga. Kwa kuhifadhi chagua zisizo na herufi hizo.
- Zikiwa huru ndani ya mfuko wa nailoni, bila kopo wala jina, usinunue kwa kazi ya kudumu hata muuzaji akupe kwa nusu bei.
- Nunua kopo moja kwanza. Usichukue katoni nzima kabla hujajaribu.

Zipo pia M-DISC, ambazo tabaka lake la kuandikia si rangi ya kikaboni bali ni kitu kigumu kinachofanana na jiwe. Watengenezaji hutangaza miaka elfu moja, makadirio yaliyotokana na majaribio ya joto na unyevu. DVD za M-DISC zinahitaji draivu iliyotajwa kuwa inaziweza, kwa hiyo tazama alama ya M-DISC kwenye draivu yako. Ni ghali. Kwa sauti ya mzazi aliyefariki mimi ningezinunua bila kusita. Kwa video ya mkutano wa kikundi, hapana.

Hatua ya 4: Kagua kwa macho

Toa diski ya juu, ya katikati na ya chini ya kopo. Shika kwa ukingo na tundu la katikati, usiguse uso. Inamishe chini ya taa. Rangi iwe sawa kote, bila mawingu, mistari wala madoa yanayofanana na tone la maji lililokauka. Pitisha kidole ukingoni, kuwe laini. DVD ni vipande viwili vya plastiki vilivyogundishwa, na gundi isiyofika ukingoni ni mlango wa unyevu.

Kwa CD, inue mbele ya balbu. Ukiona vitundu vidogo vya mwanga vinapenya kama nyota, rudisha kopo.

Hatua ya 5: Soma kitambulisho

Ingiza diski tupu, fungua ImgBurn, chagua hali ya kuandika, kisha soma maelezo upande wa kulia. Tafuta mstari ulioandikwa "Disc ID". Kwenye Linux, fungua dirisha la amri uandike dvd+rw-mediainfo /dev/sr0 na utaona mstari wa "Media ID". Hiki ndicho kitambulisho cha ndani, kilichoandikwa kiwandani, na hakibadiliki kwa kubadilisha kava.

Mifano utakayokutana nayo:

- MCC 004 na MCC 03RG20: DVD za kasi ya 16x za ukoo wa Mitsubishi, zinazouzwa kama Verbatim. Hizi ndizo ninazozitafuta.
- YUDEN000 T03 na TYG03: za Taiyo Yuden.
- CMC MAG: za CMC. Nimepata kopo zuri na kopo baya, kwa hiyo lazima zijaribiwe.
- RITEK: za kiwanda kingine cha Taiwan. Nazo jaribu kwanza.

Kwa CD utaona namba za dakika na sekunde. 97m24s01f ni Taiyo Yuden, 97m34s23f ni Mitsubishi, 97m26s66f ni CMC, 97m15s17f ni Ritek.

Andika kitambulisho kwenye daftari, pamoja na duka na tarehe ya kununua. Baada ya mwaka daftari hilo litakufaa kuliko ushauri wangu.

*Tahadhari:* kitambulisho nacho hughushiwa. Kuna viwanda vilivyowahi kuiba vitambulisho vya wenye sifa. Kitambulisho kizuri kinakuruhusu kwenda hatua ya 6, hakikuruhusu kuiruka.

Hatua ya 6: Choma moja ya majaribio, na usiijaze

Chukua faili zisizo na thamani, za GB 4.2 hivi kwa DVD, uchome. Ukingo wa nje uache wazi, hapo ndipo mzee wa bibi yule alipopotelea. Kwa kazi halisi pia nafanya hivyohivyo, na mambo muhimu naweka mwanzoni mwa diski.

Kasi: kwa DVD ya 16x, choma kwa 8x. Kwa CD ya 52x, 16x hadi 24x. Kwa DVD ya M-DISC, 4x. Wako wanaoamini kuwa kasi ya chini kabisa ndiyo bora kuliko zote. Ilikuwa kweli zamani, lakini diski za siku hizi zimetengenezwa kwa kasi kubwa, na ukizichoma kwa 2x zinaweza kutoka mbaya zaidi.

Wakati wa kuchoma funga programu nyingine. Weka kompyuta mezani, si kitandani, si mapajani. Na chagua kufunga diski kabisa ikimaliza. Diski iliyoachwa wazi ili iongezwe kesho ndiyo inayokataa kwenye deki za watu.

Hatua ya 7: Hakiki

Kwenye ImgBurn weka alama kwenye "Verify" kabla ya kuanza. Programu itasoma diski yote na kuilinganisha na asili. Inachukua dakika kadhaa zaidi. Wanaoharakisha huikwepa, kisha hugundua kosa baada ya kufuta faili kwenye kamera. Sijui hasara inayouma kama hiyo.

Kisha toa diski, isomwe na kompyuta nyingine. Draivu yako inaweza kuisoma kazi yake yenyewe vizuri huku draivu za wengine zikishindwa.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, Nero DiscSpeed itakuchorea mstari wa kasi ya kusoma. Mstari upande taratibu kuelekea mwisho. Ukianguka ghafla na kuinuka, draivu imekwama hapo ikarudia. Kwa draivu zinazoruhusu, nyingi za LiteOn zikiwemo, programu hiyo huhesabu pia makosa: yale yanayoitwa PI Errors hayapaswi kuvuka 280, na PI Failures yasivuke 4. Diski nzuri iliyotoka kuchomwa huwa chini sana ya hapo. Ikiwa mpya imeshakaribia kikomo, itafikaje miaka kumi? Irudishe kopo dukani.

Hatua ya 8: Andika jina bila kuiua

Tumia maka ya wino wa maji, juu ya diski, bila kukandamiza. Kwenye CD, data iko karibu kabisa na upande wa juu, chini ya rangi nyembamba ya kinga. Kalamu ya kawaida ya wino hukwaruza na kupenya. Watu hulinda upande wa chini kama mboni ya jicho, halafu huandika upande wa juu kwa nguvu zote.

Usibandike stika. Huvuta diski upande mmoja inapozunguka, na gundi yake ikipata joto huanza kujikunja na kuondoka na tabaka lililo chini yake.

Hatua ya 9: Hifadhi nakala mbili za viwanda viwili

Choma nakala mbili, kila moja kwenye diski ya kitambulisho tofauti, na zisilale nyumba moja. Kama kiwanda kimoja kilikosea, kingine kitakuokoa. Nakala ya tatu iwe kwenye diski ngumu ya nje (hard disk).

Kabla ya kuchoma, tengeneza alama za kuhakiki. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile harusi.mp4 SHA256, na namba ndefu itakayotoka ihifadhi ndani ya faili ya maandishi kwenye diski hiyohiyo. Miaka mitano baadaye, namba ikitoka ileile, kazi haijaguswa hata herufi moja. Kwa kazi nyeti ongeza faili za kurekebisha kwa programu ya MultiPar, kiasi cha asilimia 15. Zikiharibika sehemu chache za diski, faili hizo huzijenga upya.

Diski zisimame wima ndani ya makasha magumu, kama vitabu. Sisi wa pwani tuongeze uangalifu: kabati la ndani, mbali na ukuta unaotoka jasho wakati wa masika, mbali na jiko, na vifuko vidogo vya silika vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vifuko laini vya plastiki na albamu za CD vibebee miziki ya garini. Na garini kwenyewe, diski isiachwe juani hata saa moja.

Kila mwaka chukua chache, zihakiki. Ikianza kusuasua, nakili kwenda diski mpya siku hiyohiyo, maana kesho inaweza kugoma.

Mambo yakienda kombo

*Draivu haiitambui diski tupu.* Jaribu ya kiwanda kingine. Ikikubali, draivu yako haiijui diski ile. Tafuta masahihisho ya programu ya ndani ya draivu kwa mtengenezaji wake. Ikikataa zote, lenzi ina vumbi au imechoka.

*Draivu ya nje inakatika katikati.* Mara nyingi ni umeme mdogo wa USB. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, usipitie kigawanyi. Kama waya wake una vichwa viwili, chomeka vyote.

*Inachoma vizuri, kuhakiki kunashindwa mwishoni.* Punguza data uache ukingo, shusha kasi hatua moja. Ikirudia, kopo ni baya.

*Inasoma kwenye kompyuta, deki inakataa.* Kwanza angalia kama umechoma video kwa muundo wa DVD au umeweka tu faili ya MP4. Deki nyingi za zamani haziijui. Pili, kama diski haikufungwa. Tatu, kama ni DVD+R, choma nyingine uweke kitambulisho cha aina kuwa DVD-ROM, kama draivu yako inaruhusu, au tumia DVD-R.

*Kuna ukungu au alama za vidole.* Futa kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi, kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda nje. Usizungushe: mkwaruzo unaofuata mzunguko hufuta data mfululizo, ule unaoukata draivu huweza kuuruka. Dawa ya meno wanayoshauriana watu mtaani iache bafuni.

*Diski ya zamani inaganda sehemu moja.* Usiicheze tena na tena kwenye deki. Ijaribu kwenye draivu tatu au nne tofauti, kwa programu inayosoma taratibu na kuruka palipoharibika, kama ddrescue kwenye Linux. Draivu moja inaweza kupata kipande ambacho nyingine imekikosa, na ddrescue huviunganisha. Kwa bibi yule tulipata hivyo dakika sita zaidi, na ndani yake mzee anaonekana akisimama, anarekebisha kofia, anaanza na bismillahi.